Wiki 8 kabla ya pepa: jinsi ya kujiandaa na mtihani wa kidato cha nne bila kichwa kugoma

Kila ikifika Septemba simu yangu hujaa ujumbe wa sauti unaofanana. "Ticha, nikisoma haingii." "Ticha, moku imetoka, nina foo ya pointi 31, nafanyaje?" "Ticha, leo siku ya tatu sijalala." (Moku ni mtihani wa majaribio, foo ni daraja la nne.) Mwaka huu nimeamua kuyaweka majibu mahali pamoja, ili nikiulizwa tena nitume hii na niendelee kusahihisha madaftari.

Nafundisha tuisheni ya Hisabati na Fizikia uani kwetu Tandika. Mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba kila mwaka wapo watoto wenye akili nzuri tu ambao kichwa huwagomea pepa likikaribia, na karibu wote wanakuwa wamefanya mambo yaleyale. Nawatambua haraka kwa sababu hata mimi niliyafanya. Usiku wa kuamkia pepa la Kemia nilikesha miguu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi ili nisisinzie. Asubuhi nikaandika namba yangu ya mtihani, nikasoma swali la kwanza mara nne, nisielewe hata neno. Mwaka uliofuata nikarisiti, yaani nikarudia mtihani. Kwa hiyo humu ndani nikikwambia lala, ujue ada ya somo hilo nilishailipa.

Nimemwandikia mwanafunzi wa kutwa hapa Dar, mtihani wake ukiwa Novemba. Wa kidato cha sita, pepa lenu ni Mei, basi anzeni kuhesabu wiki zenu 8 Machi. Mengine hayabadiliki, ila nyinyi mtaloa na masika badala ya vuli.

Kabla hujaendelea. Kama siku hizi unawaza kufa, au unawaza kuwa nyumbani wangepumzika usingekuwepo, acha hatua zote. Shuka mpaka sehemu ya mwisho, "Ikigoma", kwenye aya inayoanza na "Mawazo ya kufa". Mtihani utasubiri.

## Unachohitaji

- Ratiba ya mtihani ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Inakili kwa mkono wako na uibandike ukutani.
- Kaunta buku moja jipya. Moja tu, la mipango na makosa yako. Si la notisi.
- Karatasi yako ya matokeo ya moku, ile uliyoikunja na kuificha chini ya godoro.
- Pasti pepa za miaka 5 kwa kila somo. Pia kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo NECTA huziweka bure kwenye tovuti yake. Zinaonyesha swali kwa swali watu walikosea wapi na kwa nini. Sijui kwa nini wanafunzi hawazisomi. Kila mwaka natamani kuzipigia debe kwa kipaza sauti pale stendi.
- Saa ya mezani au simu ya kitochi ya kukuamsha, ili simu janja ilale chumba kingine.
- Mtu mzima mmoja unayeweza kumwambia "leo sijasoma kitu" asikupigie kelele. Awe mama, mjomba, dada mkubwa, mwalimu wa malezi, mama mchungaji, ustaadhi. Mtafute kabla mambo hayajaharibika.

Usichohitaji: tuisheni ya tatu, vitabu vipya, wala makopo ya kuongeza nguvu.

## Hatua

1. Hesabu pointi zako kwa kalamu.

Hofu nyingi ninayoiona ni ya mtu ambaye hajawahi kufanya hesabu yake. Anajua tu "nitafeli". Sasa tazama. Kwenye kidato cha nne yanahesabiwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. A inaanzia alama 75, B 65, C 45, D 30. Jumla ya pointi 7 hadi 17 ni wani, 18 hadi 21 tuu, 22 hadi 25 thrii, 26 hadi 33 foo.

B nne na C tatu zinakupa pointi 17. Hiyo ni wani. Haina hata A moja! Nikiiandika ubaoni kuna mtoto huwa anashusha mabega waziwazi, kwa sababu nyumbani ameambiwa wani ni A mwanzo mwisho.

Turudi kwa yule wa foo ya 31. Moku yake ilikuwa na D nne na F tatu. Akizipandisha D zote nne kuwa C, na F mbili kuwa D, anafika 25. Hiyo ni thrii, tena yenye kredi nne (kredi ni C kwenda juu), wakati wa kuomba kidato cha tano unaanza na kredi tatu. Hakuna muujiza hapo. Mwenye 41 ya Jiografia anadaiwa alama 4 tu ili awe na C.

Chora jedwali kwenye kaunta buku: somo, alama ya moku, mpaka unaofuata, alama zinazopungua. Weka nyota kwenye masomo matatu yaliyo karibu zaidi na mpaka. Hayo ndiyo ya wiki tatu za kwanza. (Simaanishi uitupe Hisabati. Ticha wako wa Hisabati anakuona.)

*Tahadhari:* Usijaze jedwali kwa alama unazotamani. Jaza zilizo kwenye karatasi.

2. Hesabu saa ulizonazo kweli.

Mwanafunzi wa Mbagala au Gongo la Mboto anayesoma shule ya mjini anaamka saa 11 alfajiri, anagombania daladala na konda asiyetaka denti (mwanafunzi), anatoka shule, anapita tuisheni, anafika nyumbani saa 12 jioni akiwa hoi. Kuoga, kula na kazi za nyumbani humfikisha saa 2 usiku. Kuanzia hapo hadi saa 4 ni zake. Saa mbili.

Saa mbili kwa siku tano ni saa 10. Jumamosi weka 5, Jumapili 3 baada ya ibada. Unapata saa 18 kwa wiki, na kwa wiki 8 ni saa 144. Ukiwa na masomo manane, kila somo lina saa 18. Kaziangalie vizuri hizo saa 18. Si nyingi kiasi cha kuchezea, na si chache kiasi cha kukata tamaa. Masomo yenye nyota yaongezee, yale unayoyamudu yapunguzie.

Ratiba ya saa sita kila usiku unayoiona kwa rafiki yako imeandikwa ili ionekane. Nimewahi kuiomba moja niione: ya rangi tatu, imepigiwa rula vizuri kabisa. Mwenyewe hakuwahi kuifuata hata Jumanne moja.

3. Andika usingizi kwanza, masomo yafuate.

Kijana wa umri wa miaka 13 hadi 18 anatakiwa kulala saa 8 hadi 10. Kwa ratiba niliyoitaja, kulala saa 4 usiku na kuamka saa 11 ni saa 7. Ni pungufu, najua, lakini kwa anayeishi mbali ndizo zinazowezekana. Fidia Jumamosi na Jumapili, na mchana ukipata dakika 20 za kuinamia dawati, inama.

Uliyosoma jioni ubongo unayapanga ukiwa umelala. Ukikesha, unafanana na mtu anayechota maji kwa ndoo inayovuja: mikono inachoka, pipa halijai. Kupiga msuli hadi saa 9 usiku kuna sifa zake pale shuleni, watu wanakuita kipanga, lakini sifa hizo hazisahihishwi na NECTA.

Kwa wanaokaa uswahilini, najua swali lenu: na kigodoro, ngoma ya mtaani ya usiku, je? Mziki ukianza saa 3 usiku hapo mtaa wa pili, usishindane nao. Ziba masikio kwa pamba, lala kadiri utakavyoweza, kisha amka saa 10 alfajiri wakati wapigaji wamechoka. Alfajiri ya Dar ina ubaridi. Jumamosi nenda kasome mahali pengine: darasani kwenu kama mlinzi anaruhusu, au Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi Mohamed, ambayo imekuwa ikipokea wasomaji tangu 1967. Wahi. Viti vya karibu na feni vina wenyewe.

*Tahadhari:* Kopo la kuongeza nguvu ukilinywa saa 2 usiku, saa 7 usiku karibu nusu ya kafeini yake bado inazunguka mwilini. Utalala macho ndani ya giza, moyo unadunda, na utadhani ni woga wa mtihani. Mirungi usiiguse, kwa sheria yetu ni dawa za kulevya, na anayekuletea "ya kukeshea" hatakuwepo ukikamatwa.

4. Soma kwa kufunga kitabu, na anza kwa Kiswahili.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu "nikisoma haingii" ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi tatizo si akili wala pepo. Ni lugha. Shule ya msingi wengi wenu mlisoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza mkageuziwa kila kitu kwa Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Sasa una miaka minne unakariri sentensi ambazo nusu huzielewi. Kitu usichokielewa hakikai kichwani hata ukisome mara kumi, na ukikisoma mara kumi kisikae unaanza kujiita kilaza. Huo ndio mwanzo wa kulia chooni.

Fanya hivi. Soma ukurasa mmoja au mada ndogo. Funga kitabu. Mweleze mdogo wako, au ukuta, kwa Kiswahili cha nyumbani. Tuseme ni osmosisi: maji yanapita kwenye utando mwembamba, yanatoka upande wenye maji mengi kwenda upande wenye maji machache. Zabibu kavu za pilau ukiziloweka zinavimba, maji yameingia. Ukishaweza kueleza hivyo, ndipo uandike sentensi tano kwa Kiingereza cha mtihani bila kuchungulia. Fungua kitabu, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Rudia kesho, rudia baada ya siku tatu, rudia baada ya wiki.

Utachukia. Kusoma kitabu kikiwa wazi kunakupa raha ya kujiona unajua, na kukifunga kunakuonyesha mashimo. Lakini mashimo yaliyoonekana Septemba yanazibika.

*Tahadhari:* Kupaka rangi ya njano kila mstari si kusoma. Kunakili desa (notisi) la mwenzako neno kwa neno pia si kusoma, ni mazoezi ya mwandiko.

5. Kila Jumamosi, pepa moja kwa muda wa mtihani.

Muda wa saa tatu, mlango umefungwa, simu haipo, hakuna maji ya kunywa kila dakika kumi. Ukimaliza pumzika, kula, kisha sahihisha. Kila kosa liandike kwenye kaunta buku na sababu yake: sikujua, nilijua nikasahau, sikusoma swali vizuri, au muda uliisha. Baada ya pepa nne utaona sababu moja inajirudia kuliko nyingine. Kwa wanafunzi wangu huwa ni kutosoma swali vizuri, wala si kutojua.

6. Ongea na nyumbani kabla hawajaongea na wewe.

Wazazi wengi wanaogopa kuliko nyinyi, ila woga wao unatoka kwa sauti ya ukali. "Nimekulipia ada, ukifeli utauza karanga." Ukisubiri maneno hayo yakukute saa 3 usiku unasoma, usiku umeharibika. Tafuta wakati ametulia, Jumapili mchana hivi, amkia vizuri, mwonyeshe jedwali la hatua ya kwanza, kisha omba kitu kimoja kinachoeleweka:

"Mama, naomba kuanzia saa 2 mpaka saa 4 usiku nisitumwe dukani. Vyombo nitaosha kabla ya hapo. Ni kwa wiki 8 tu."

Ombi dogo lenye mwisho hukubaliwa. "Naomba mniache nisome" halikubaliwi, kwa sababu hawajui mwisho wake.

Wasichana, nawasemea. Kaka yako anarudi shule anakaa, wewe unarudi unakuta sufuria. Tuisheni kwangu nawaona wanaosinzia saa 10 jioni, na sehemu kubwa ni nyinyi. Kama huwezi kulisema hilo mwenyewe kwa baba, mtume shangazi au mwalimu wa malezi aende kusema. Mimi nimeshaenda nyumba tatu kwa jambo hilo, na kwenye mbili nilipewa chai.

7. Toka kwenye makundi ya simu.

Oktoba ikikolea utaanza kutumiwa "pepa limevuja, tuma elfu kumi". Wanaouza ni matapeli, wanachukua pasti pepa la zamani na kubadili mwaka. Na siku likiwa la kweli ndiyo balaa zaidi, maana matokeo ya waliofanya udanganyifu yanafutwa. Nimeona mtoto aliyetuma hela akaacha kusoma siku nne akisubiri majibu. Siku nne! Toa namba yako kwenye makundi hayo yote, ubaki na moja la wenzako watatu mnaoulizana maswali.

Ondoka pia kwenye kujilinganisha. NECTA wenyewe waliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora kwenye matokeo yaliyotoka Januari 2023. Mabango ya shule bado yapo barabarani, sawa, lakini hakuna anayekulazimisha uyasome.

8. Jifunze pumzi kabla hujaihitaji.

Ni dakika tatu kila usiku kabla ya kulala. Vuta hewa kwa pua ukihesabu 4, toa taratibu kwa mdomo ukihesabu 6. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, ndiko kunakotuliza mapigo ya moyo. Ukijaribu mara ya kwanza ndani ya chumba cha mtihani haitakusaidia. Mwili unatakiwa uwe umeizoea.

9. Wiki ya mwisho na siku ya pepa.

Wiki ya mwisho hakuna mada mpya. Soma kaunta buku la makosa tu. Usiku wa kuamkia pepa funga madaftari saa 2, andaa kalamu, penseli, rula na sare, kula chakula ulichozoea (si siku ya kujaribu chipsi za pembeni mwa kituo kipya), lala.

Novemba ni mvua za vuli. Maji yakijaa Jangwani barabara ya Morogoro husimama na jiji lote linajua. Anayevuka pale, anayetegemea pantoni kutoka Kigamboni, au anayekaa mbali kabisa, apange mapema: toka nyumbani saa nzima kabla ya kawaida, au lala kwa ndugu aliye karibu na shule siku za mapepa makubwa.

Nje ya chumba usisimame na kundi linaloulizana "umesoma mada ya mwisho?" Nenda kapumue chini ya mti. Ukitoka, usisahihishe pepa na wenzako. Limeshaenda.

## Kwa mzazi anayesoma hii

Fanya matatu tu. Mwambie mara moja, kwa maneno, kwamba akifeli bado ni mwanao, usidhani anajua. Usimtaje mtoto wa jirani. Na akikwambia "sijisikii kusoma" wiki nzima, mwulize anajisikiaje kabla ya kushika fimbo, kwa sababu mtoto aliyeugua moyoni na mtoto mvivu kwa nje hufanana sana.

## Ikigoma

Kichwa kinafutika ndani ya mtihani. Weka kalamu chini. Pumua mara tano kama ulivyozoea. Usilazimishe swali la kwanza. Tafuta lolote unaloweza hata nusu, andika. Mkono ukianza kutembea, mengine hufuata. Muhimu usikae saa nzima unalitazama swali moja kama nilivyofanya mimi.

Tumbo linauma au unatapika kila asubuhi ya jaribio. Kwanza mwone daktari, isije ikawa vidonda vya tumbo au taifodi ikasingiziwa woga. Ikionekana huna ugonjwa, kunywa uji mwepesi, fanya hatua ya 8, na jizoeze pasti pepa ukiwa shuleni kwenye dawati lilelile.

Nakaa kusoma, natazama ukuta. Punguza. Dakika 15 kwa saa ya mezani, swali moja, basi. Mara nyingi ukianza unaendelea. Siku tatu mfululizo zikishindikana hata dakika 15, mwambie yule mtu wako mmoja.

Niko kambi ya kujiandaa na mtihani, wote wanakesha, nikilala wananicheka. Waache wacheke. Mwombe mwalimu wa zamu akuruhusu kutoka saa 4. Wengi wao saa 8 usiku wanapiga stori, unajua na wewe.

Darasani wasichana wanaanguka, wanapiga kelele, watu wanasema mapepo. Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1962 kwenye shule ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi 95 kati ya 159 walishikwa na vicheko na vilio visivyozuilika, shule ikafungwa, na madaktari waliochunguza hawakukuta sumu. Mkazo ukikaa kwa watu wengi waliofungiwa pamoja hutafuta pa kutokea, na huambukiza kwa macho na masikio. Aliyeanguka apelekwe pembeni penye hewa, wengine watolewe nje, watazamaji watawanywe, na zahanati imwangalie. Dua isomwe kama familia inataka, lakini kwa utulivu, si mbele ya darasa zima.

Wiki mbili sasa silali, sili, silii wala sicheki, hata mpira au singeli havinipi raha. Huo si uvivu, na hauondoki kwa ratiba mpya. Anza na mwalimu wa malezi au ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa. Huduma ya afya ya akili ipo Muhimbili, na pia kwenye hospitali za rufaa za mkoa: Amana, Temeke na Mwananyamala. Usiogope neno "akili" likakupeleka mawazo Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Unakwenda kuongea na mtu aliyesomea hayo, unarudi nyumbani na daladala. Kama kinachokuumiza ni kipigo au jambo baya linalofanyika nyumbani, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure.

Mawazo ya kufa. Mwambie mtu leo, siyo kesho, kwa maneno haya haya: "Nawaza kufa." Usizunguke na "sijisikii vizuri", atakupa panado. Usikae peke yako usiku huu. Lala chumba kimoja na mtu. Piga 116, au mtu mzima akupeleke hospitali ya karibu, kitengo cha dharura, muda wowote. Mawazo hayo huja kwa nguvu kisha hupungua, na kazi ya usiku huu ni kuupita tu ukiwa na mtu pembeni.

Kama ni rafiki yako amekwambia, au unamhisi, mwulize wazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Mara nyingi kunamtua mzigo. Msikilize, usimhubirie, usimwache peke yake. Na usikubali kutunza siri hiyo hata kama alikuapisha. Mpelekee mtu mzima. Nyumbani, dawa na sumu za wadudu zifungiwe.

Matokeo yametoka na siyo niliyotaka. Kwa kawaida hutoka Januari. Usiyafungue peke yako usiku kwenye simu. Yafungue mchana ukiwa na yule mtu wako, na namba yako ya mtihani usiigawe kwa kila anayeiomba. Siku mbili za kwanza usiamue chochote, kula na ulale. Siku ya tatu kaa na jedwali. Kredi tatu zikiwepo, angalia kombi (michepuo ya kidato cha tano) zinazowezekana. Zisipotosha, kuna vyuo vya kati vya ngazi ya cheti, kuna VETA (vyuo vya ufundi), na kuna kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, ambapo usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo muda unakuwa nao. Ukichagua kurisiti na unakaa karibu na Tandika, njoo na kaunta buku lilelile. Ukurasa wa makosa ndio tutakaoanzia.